Msimbo wa skela: kuupanga upya bila kuivuruga picha

Chukua laptopu ya mtumba yenye kioo cha pikseli 1920 kwa 1080, zile zinazojaa kwenye maduka ya Kabwe na Mwanjelwa hapa Mbeya, uiunganishe kwa waya wa HDMI na televisheni ya inchi 32 yenye pikseli 1366 kwa 768. Iamuru kompyuta ionyeshe kitu kilekile pande zote mbili, kwa kipimo cha televisheni. Televisheni haina shida, imepewa picha ya saizi yake. Shida imebaki kwenye laptopu. Kioo chake hakiwezi kupunguza idadi ya pikseli: kila mstari una 1920 na zitabaki 1920. Kwa hiyo mara 60 kila sekunde picha ya pikseli 1,049,088 lazima itandazwe juu ya pikseli 2,073,600, na mtazamaji asihisi kitu.

Kazi hiyo haifanywi na prosesa kuu. Inafanywa na kipande kidogo cha chipu ya michoro kiitwacho skela. Skela haijiamulii lolote. Inafuata namba inazoandikiwa na draiva, programu inayokiongoza kifaa kwa niaba ya mfumo wa kompyuta. Mtumiaji huja kuifahamu siku mambo yanapokwenda mrama: maandishi yana ukungu, mstari mweusi umejitokeza ukingoni, au kwenye banda la mpira watu wanapaza sauti, "Fundi, mbona dakika hazionekani?" Hapo kona yenye matokeo imekatwa. Mara nyingi mkataji ni televisheni yenyewe, ambayo kwa desturi ya zamani huvuta picha nje kidogo ya kingo zake. Dawa mojawapo ni kuiambia draiva itumie skela kuifinya picha kabla haijatoka kwenye kompyuta, na draiva ya chipu za AMD kwenye mfumo endeshi wa Linux ina mpangilio wa kufanya hivyo.

Ninachotaka kukieleza hapa ni kazi ambayo watumiaji hawaioni kabisa: kupanga upya msimbo wa draiva unaosimamia skela. Kupanga upya maana yake ni kubadili umbo la msimbo huku tabia yake ikibaki ileile. Faili kubwa linagawanywa, fankisheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) ndefu inakatwa, jina bovu linabadilishwa, hesabu inahamishwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Picha inayotoka haitakiwi kubadilika hata kwa pikseli moja. Ukiisikia hivyo utadhani ni usafi wa kawaida. Lakini katika msimbo wa skela sehemu kubwa ya ujuzi haijaandikwa popote zaidi ya mistari yenyewe: imo katika ipi inatangulia ipi, katika moja iliyoongezwa hapa na moja iliyopunguzwa pale. Anayehamisha mistari bila kuusoma ujuzi huo anautupa, na hatajua ameutupa mpaka mtu mwenye mashine tofauti na yake alalamike.

Hesabu ya pikseli isiyokuwepo

Kila hatua ya pikseli moja kwenye kioo cha laptopu yetu ni hatua ya takriban 0.711 kwenye picha ya asili, yaani 1366 kugawanya kwa 1920. Chukua pikseli namba 101 ya kioo, ukihesabu kuanzia sifuri na kupima katikati ya pikseli hadi katikati ya nyingine. Inaangukia nafasi ya 71.71 ya picha. Hakuna pikseli yenye namba hiyo. Ipo ya 71 na ipo ya 72. Skela inapaswa kuamua rangi ya mahali ambapo picha haina kitu.

Njia rahisi ni kuchukua jirani wa karibu, hapa ya 72. Picha hutoka kali, lakini uwiano usipokuwa namba kamili baadhi ya pikseli hurudiwa mara mbili na nyingine hutokea mara moja tu. Herufi "m" hupata mguu mmoja mnene na mwingine mwembamba. Njia ya pili ni kuchanganya majirani, kila mmoja kwa uzito wake kulingana na ukaribu. Skela za Intel ambazo draiva inaruhusiwa kuziandikia jedwali lake huchanganya pikseli saba kwa mpigo, na nafasi ya kati ya pikseli mbili imegawanywa kiasi kwamba kuna seti 17 za uzito. Saba mara 17 ni namba 119, zinazopakiwa mbilimbili kwenye maneno 60 ya biti 32, na nusu ya neno la mwisho ikibaki tupu. Mtumiaji akitaka jirani wa karibu kwenye chipu hizo, mtambo unabaki uleule. Draiva inaandika tu jedwali ambamo pikseli ya katikati ina uzito wote na sita zilizobaki zina sifuri.

Hapo kuna jambo dogo lenye madhara makubwa: nimesema "kupima katikati ya pikseli hadi katikati". Ukipima kuanzia ukingoni, picha nzima inasogea nusu pikseli. Kwenye picha ya kawaida hutaiona. Kwenye video utaiona, kwa sababu video nyingi huhifadhi rangi kwa nusu ya vipimo vya mwanga, kwa upana na kwa kimo, hivyo mwanga na rangi hupitia hesabu mbili tofauti. Kosa la nusu pikseli katika moja yake huacha jezi nyekundu ikivuja rangi kidogo upande mmoja wa mchezaji. Ndani ya draiva ya Intel kuna fankisheni fupi ya kukokotoa mwanzo huo, na waandishi wake waliichorea mchoro wa herufi ndani ya maelezo, pikseli kwa pikseli. Mistari ya maelezo ni mingi kuliko ya hesabu, na naona wamefanya sawa kabisa. Anayepanga upya akiifuta michoro hiyo kwa kuwa "msimbo unajieleza", amefanya uharibifu hata kama kila jaribio litapita.

Skela chache, waombaji wengi

Skylake, kizazi cha sita cha prosesa za Intel kilichotoka 2015, ndicho kilichobadilisha mambo. Kabla yake skela ilikuwa kitu cha kioo: kila njia ya kutoa picha, ambayo Intel huiita paipu, ilikuwa na yake ya kujazia kioo. Skylake ilileta skela za kugawana. Paipu mbili za kwanza zina skela mbili kila moja, ya tatu ina moja. Na skela hiyohiyo inaweza kufungwa kwenye picha nzima inayotoka, kama kwenye laptopu yetu ya mwanzo, au kwenye tabaka moja tu la picha, kwa mfano video ya mechi ya 1280 kwa 720 inayokuzwa ijaze skrini wakati maandishi ya juu yake yanabaki na ukubwa wake.

Fikiria sasa paipu yenye skela mbili. Kioo kinahitaji moja. Video inahitaji ya pili. Likija tabaka la tatu linalotaka kukuzwa, hakuna iliyobaki, na draiva lazima ikatae. Programu ya skrini ikikataliwa hurudi kuunganisha matabaka kwa kutumia mtambo wa michoro wenyewe, ambao unafanya kazi hiyo vizuri lakini unakula betri na kupasha laptopu moto.

Swali ni lini draiva inapaswa kukataa. Msimu wa mavuno Kyela, mwenye mashine ya kukoboa mpunga anayeheshimu wateja hukwambia foleni imejaa ungali nyumbani, hajakuacha upakie magunia, ulipe usafiri, ndipo akurudishe mlangoni. Draiva za sasa za Linux zinafuata utaratibu huohuo. Kila badiliko la skrini hupitia hatua mbili: kwanza kukagua, kisha kutekeleza. Katika kukagua, draiva inapokea ombi lote kwa pamoja, inahesabu, inagawa skela, na kujibu ndiyo au hapana. Haigusi kifaa hata kidogo, kwa sababu programu ina haki ya kuuliza tu: "Nikikuomba hivi, utaweza?" na kuachana na ombi hilo. Katika kutekeleza hakuna tena kukataa. Namba zinaandikwa.

Ukielewa mgawanyo huo umeelewa nusu ya kazi yote. Msimbo mbaya wa skela karibu kila mara ni msimbo uliochanganya hatua hizi mbili. Utakuta fankisheni inayoandika rejista, yaani visanduku vya namba ndani ya chipu, ikisita katikati kuhesabu tena uwiano. Utakuta sehemu ya kukagua inayosoma kifaa ili ijue skela ipi iko wazi, badala ya kusoma hali iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Vyote viwili hufanya kazi siku nyingi. Halafu siku moja jibu la ukaguzi na jibu la utekelezaji hutofautiana, na skrini inakuwa nyeusi bila ujumbe wowote wa kosa.

Kuna na mipaka ya kukagua. Skela hizo haziwezi kupunguza picha bila kikomo: kwa picha za kawaida upunguzaji lazima uwe chini ya mara tatu, na kwa baadhi ya aina za video kwenye chipu za mwanzo chini ya mara mbili. Draiva inaandika tatu hiyo kwa namba za nukta isiyohama, biti 16 za namba kamili na 16 za sehemu, kwa hiyo tatu ni 196,608. Kisha inatoa moja: 196,607. Karibu na tatu, lakini si tatu. Huyo moja ni kati ya vitu ambavyo mpangaji mwenye haraka huvifuta akidhani ni makosa ya zamani ya kuhesabu.

Mstari mmoja wa namba witiri

Nitaikaribia hesabu moja tu, ambayo kwa umbo hili imo kwenye draiva ya Intel. Picha ni 1366 kwa 768, kioo ni 1920 kwa 1080, na mtumiaji ameomba uwiano wa picha usipotoshwe. Draiva inataka kujua kama nafasi tupu itakuwa pembeni au juu na chini.

Mtu mwenye kikokotoo angegawanya upana kwa kimo pande zote mbili na kulinganisha 1.7786 na 1.7778. Kerneli, yaani kiini cha Linux ambamo draiva hukaa, haitumii namba za desimali ila kwa utaratibu maalumu, na kwa namba kamili majibu yote mawili ni 1. Kwa hiyo draiva inazidisha kwa kukatiza. Upana wa kioo mara kimo cha picha, 1920 mara 768, ni 1,474,560. Upana wa picha mara kimo cha kioo, 1366 mara 1080, ni 1,475,280. Ya kwanza ni ndogo, maana yake picha ni pana kidogo kuliko kioo, na kimo ndicho kitakachopunguzwa. Kimo kipya ni 1,474,560 kugawanya kwa 1366. Jibu ni 1079.47. Sehemu ya desimali inatupwa, inabaki 1079.

Kisha unakuja mstari mfupi: namba ikiwa witiri, ongeza moja. 1079 inakuwa 1080, picha inajaza kioo chote, na mahali pa kuanzia panapokokotolewa panatoka sifuri.

Uondoe mstari huo. Kimo kinabaki 1079. Mahali pa kuanzia ni 1080 kutoa 1079, ongeza moja, gawanya kwa mbili: jibu ni 1. Picha inaanza mstari wa pili wa kioo, na juu kabisa unabaki mstari mmoja mweusi, mwembamba kama uzi. Wengi hawatauona. Atakayeuona hatajua pa kuanzia kuutafuta, kwa sababu badiliko lililouleta liliitwa "kusafisha hesabu ya uwiano".

Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo vijana wengi wenye kipaji hupotea. Wanaona mistari inayofanana katika fankisheni tatu, moja kwa kila kizazi cha chipu, wanaiunganisha kuwa moja, na fankisheni ya pamoja inakadiria namba kwa namna tofauti kidogo na moja ya zile tatu. Mimi ningeacha mistari kumi ijirudie kuliko kuwa na fankisheni moja yenye masharti kumi na mbili ya "ikiwa chipu ni hii". Mistari inayojirudia inasomeka. Masharti kumi na mbili hakuna anayeweza kuyajaribu yote, maana hakuna mtu mwenye mashine zote hizo mezani.

Faili lililovimba

Kwa miaka mingi msimbo wa skrini wa draiva ya Intel ndani ya Linux ulikaa kwa sehemu kubwa kwenye faili moja, intel_display.c, ambalo lilipita mistari 15,000. Haukuwa uzembe wa mtu mmoja. Kila kizazi cha chipu kilikuja na jambo lake, na mahali rahisi pa kuliweka palikuwa karibu na la kizazi kilichopita. Msimbo wa skela ulitawanyika: ugawaji huku, uandishi wa rejista kule, upande wa matabaka kwenye faili jingine kabisa. Mapema 2021 Dave Airlie, msimamizi wa sehemu ya michoro ya Linux, aliukusanya kutoka sehemu hizo na kuuweka kwenye faili lake, skl_scaler.c, herufi tatu za mwanzo zikiwakilisha Skylake.

Airlie huyohuyo alikuwa upande wa pili wa meza kama miaka minne kabla. Desemba 2016 alikataa kupokea msimbo mpya wa skrini wa AMD. AMD walikuwa wameweka tabaka lao la kati ili msimbo uleule utumike kwenye mifumo mingine, na tabaka hilo lilificha dhana za kerneli nyuma ya dhana za kampuni. Nani angeutunza msimbo huo siku AMD wakigeukia mambo mengine? AMD waliendelea kuupunguza na kuupanga, na ukaingia katika Linux 4.15 iliyotoka Januari 2018, bado ukiwa na zaidi ya mistari 100,000. Naona Airlie alikuwa sahihi kukataa, na AMD walikuwa sahihi kutokata tamaa. Mpangilio wa msimbo si suala la urembo pale watakaousoma ni wengi kuliko waliouandika.

Ipi itangulie

Baada ya kukagua kuna kuandika. Skela ya Skylake ina rejista kadhaa: ya udhibiti, za mwanzo wa hesabu niliotaja, ya mahali pa dirisha kwenye skrini, na ya ukubwa wa dirisha. Ukiandika kwenye tatu za kwanza hakuna kinachotokea papo hapo, namba zinasubiri. Ni ile ya ukubwa, PS_WIN_SZ, inayofyatua: ikiandikwa, kifaa kinachukua zote kwa pamoja kwenye mapumziko yanayofuata kati ya fremu, yaani kati ya picha moja ya skrini na inayofuata. Ndiyo maana huandikwa mwisho. Mpangaji akiziweka kwa alfabeti, au akiigawa fankisheni ili ukubwa na mahali viandikwe sehemu mbili tofauti, kompaila, programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haitalalamika. Kitakachotokea ni fremu moja moja yenye ukubwa mpya kwenye mahali pa zamani, mruko wa ghafla ambao mtu hawezi hata kuupiga picha.

Muda wenyewe ni mdogo. Kwa ishara ya kawaida ya televisheni ya 1920 kwa 1080, kila fremu ina mistari 1125, na 45 kati yake haibebi picha. Kwa fremu 60 kwa sekunde, mapumziko hayo ni kama milisekunde 0.67. Draiva ya Intel inakwepa kuandika pale ambapo mapumziko yako karibu kuanza, na wakati wa kuandika inazuia prosesa hiyo isikatizwe na kazi nyingine. Kwa hiyo kila unachokiingiza ndani ya sehemu hiyo kina gharama. Ukihamishia humo hesabu iliyokuwa nje, au ujumbe wa kuchunguza hitilafu, unaweza kupitisha muda, na kwenye kumbukumbu za mfumo utakuta draiva imeandika kwamba sasisho la fremu limeshindikana. Hesabu zote zinapaswa kuwa zimekwisha kabla ya hapo na majibu yamehifadhiwa. Sehemu ya kuandika isome majibu na kuyaandika tu.

Hatua ndogo, moja baada ya nyingine

Namna ya kuifanya kazi yenyewe imekwishajulikana, ingawa wengi hawaifuati kwa kuwa inachosha. Kazi igawanywe katika viraka, kila kiraka kikiwa furushi moja la mabadiliko ya msimbo linalotumwa likaguliwe. Kiraka cha kwanza kihamishe tu. Mistari itoke faili hili iende lile bila kubadilika herufi, pamoja na makosa yake ya tahajia. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ina chaguo la kupaka rangi mistari iliyohamishwa, `git diff --color-moved`, na mpitiaji (anayekagua kiraka) anaweza kuona kwa dakika chache kwamba kiraka cha mistari mia nane hakina jipya. Kiraka cha pili kibadili majina. Cha tatu kitenganishe hesabu na uandishi. Ukikuta dosari njiani, na utaikuta, usiirekebishe ndani ya kiraka cha kuhamisha. Iandikie kiraka chake, chenye maelezo yake, kabla au baada.

Hilo la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Kiraka kinachohamisha na kurekebisha kwa pamoja hakiwezi kupitiwa kwa uaminifu, kwa sababu mpitiaji hajui atarajie picha ileile au picha tofauti. Pia kinaharibu chombo muhimu kuliko vyote vya kutafuta chanzo cha hitilafu, `git bisect`, kinachogawa historia nusu kwa nusu: kati ya mabadiliko 1000 unampata mkosaji kwa majaribio kama 10. Ukimpata na kumbe ni kiraka cha mistari elfu mbili kinachofanya mambo manne, umerudi mwanzo.

Kuthibitisha kwamba picha haikubadilika hakutegemei macho. Chipu za Intel na AMD zinaweza kutoa namba ya kukagulia kwa kila fremu inayokwenda kwenye skrini: pikseli moja ikibadilika, namba inabadilika. Mkusanyiko wa majaribio wa igt-gpu-tools unazitumia namba hizo, na mna jaribio la skela peke yake, kms_plane_scaling, linalokuza na kupunguza matabaka kwa vipimo vingi. Liendeshe kabla ya kiraka, liendeshe baada ya kila kiraka. Majaribio hayo hayawezi kuigusa kila laptopu duniani, lakini yanakamata aibu nyingi kabla hazijatoka nyumbani.

Na hapa ndipo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna mchango wa kweli. Laptopu za kizazi cha sita cha Intel bado ziko mikononi mwa watu Mbeya, Iringa na Njombe, wakati kwenye meza za waandishi wengi wa draiva zimeshapishwa na mashine mpya. Mwanafunzi wa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, mwenye laptopu hiyo na televisheni ya zamani ana maabara ambayo mpitiaji wa Ulaya anaweza asiwe nayo.

Vikwazo vyake ni vya kawaida na vina njia. Historia nzima ya Linux ni gigabaiti kadhaa, na kifurushi kinaisha. Unaweza kushusha toleo la mwisho tu kwa `--depth 1`, lakini hapo `git bisect` haitafanya kazi kwa sababu haina historia ya kugawa. Ni bora mmoja wenu aishushe yote mahali penye mtandao mzuri, wengine wainakili kwa diski. Kujenga kerneli yote kwenye mashine ya zamani huchukua saa nyingi. Amri ya `make localmodconfig` hubakiza draiva ambazo mashine yako imezipakia wakati huo, na muda unapungua sana. Kabla ya kuiendesha, chomeka televisheni na vifaa vyote utakavyovitumia kwenye jaribio, la sivyo draiva zake zitaachwa nje.

Anza kusoma skl_scaler.c kutoka sehemu ya kukagua, si ya kuandika. Kila unapokutana na moja iliyoongezwa au iliyopunguzwa bila maelezo, tafuta kwa `git blame` iliingia na kiraka kipi, usome ujumbe wake. Ukikijaribu kiraka cha mtu mwingine, mjibu kwa mstari wa Tested-by ("kimejaribiwa na") wenye jina lako, na juu yake utaje modeli ya prosesa, vipimo vya kioo na vya televisheni, na kama uliiendesha kwa uwiano uliohifadhiwa au kwa kujaza skrini.